Santuri Isiyo na Ngoma

Ernestine Gadsden alikuwa amepuliza saksafoni miaka ishirini na mitano kwenye bendi za watu wengine, huko kusini mwa Chicago. Kwa hiyo kampuni moja ya santuri ilipokubali kumrekodi, mwaka 1974, alijua anachotaka: vikundi vidogo, watu wawili au watatu, na ngoma zisiwepo kabisa. Wimbo alioupenda kuliko yote aliupiga na Mzee Lemuel Crowder, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, ambaye tangu astaafu kazi ya machinjioni hakuna aliyemwita ila kwenye mazishi. Humo saksafoni ililia, ikakwaruza, ikanyamaza kimya, huku tuba ikihema kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Wiki mbili baadaye Bwana Haskins wa kampuni akawaita waje wasikilize. Mkanda ulipoanza kuzunguka, Ernestine alisikia ngoma. Mtu alikuwa ameletwa wao wakiwa hawapo, akazipiga juu ya muziki wao. Kila aliponyamaza yeye, ngoma ilijaza pengo. Tuba ilikuwa imefifishwa hata haisikiki.

"Watu wanataka pa kutikisia mguu, Bi Gadsden," Haskins alisema. "Nimekusaidia tu."

"Nani kakuomba?"

"Tuba ni ya gwaride, mama. Tusidanganyane."

Mzee Lemuel akatazama viatu vyake. Hapo ndipo damu ilipomchemka Ernestine. Kudharauliwa yeye mwenyewe alishazoea.

"Huyu alikuwa anapiga muziki wewe hujajua kufuta kamasi," alisema. "Toa jina langu humo. Mkanda baki nao."

"Hakuna mwingine atakayekurekodi."

"Basi nitajirekodi."

Nje, Lemuel alimshika mkono. "Ungeniacha tu, binti yangu. Bahati haibishi hodi kila siku."

"Mzee, usinichoshe. Jumatatu una kazi."

Jumatatu vinyozi hawafungui. Thurman, shemeji yake Ernestine, akawapa duka lake la kunyolea, akasogeza viti ukutani, akaazima mashine ya kurekodi kanisani. Walipiga kuanzia asubuhi mpaka midomo ikavimba. Treni ilipopita juu yao, kwenye reli iliyoinuliwa juu ya mtaa, ikitikisa vioo, Thurman alinyoosha mkono asimamishe mashine. Ernestine akamkataza kwa macho, akaigeukia ile treni na kuipulizia jibu lake. Lemuel alichekea ndani ya tuba, na kicheko kikabaki kwenye mkanda.

Santuri yao wenyewe ilitoka baridi ilipoisha. Redio ya mtaani iliipiga asubuhi moja, na simu zikamiminika. Mama mmoja aliuliza kama kuna mtu anaumwa. Mtangazaji akampigia Ernestine, watu wote wakisikia redioni.

"Dada, wasikilizaji wamekasirika. Una lolote la kuwaambia?"

Ernestine alikuwa jikoni, simu begani, anakaanga kambare.

"Hao wamesikia upande mmoja tu wa santuri," alisema. "Igeuze."