Lango la Jumatatu ya Kwanza

Radostina Pencheva alitaka jambo moja tu: lango la chini la bwawa lifunguke kwa dakika kumi, saa nne asubuhi, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ili kusukuma tope. Akaipangia kompyuta ya bwawani ratiba: tarehe moja hadi saba, siku Jumatatu. Jana, tarehe mosi, lango lilifunguka na kufungwa sawasawa.

Leo Jumanne, saa tatu na dakika arobaini na sita, ofisini, mbali na bwawa, Krum wa meza ya pili akageuza kiti.

"Dada, mbona lango lako litafunguka tena leo?"

"Soma vizuri. Jumatatu."

"Mimi nimesoma. Kompyuta ndiyo haijasoma."

Radostina akaangalia. Kompyuta ile ikipewa tarehe pamoja na siku ya wiki haingoji vikutane. Kimoja kikitimia, inaanza kazi, na leo ni tarehe mbili. Jambo hilo aliwahi kuwafundisha wengine.

Na kila Jumanne baada ya kusukuma tope, mzee Gancho, mlinzi wa bwawa, hushuka asubuhi chini ya lango kuondoa matawi yaliyokwama.

Krum akapiga simu. Haikupokewa.

"Simu yake huilaza kibandani kama mgonjwa."

"Acha mzaha, piga!"

Radostina akajaribu kuingia kwenye kompyuta ya bwawani; nywila ikakataliwa mara mbili. Ya tatu ikikataliwa, angefungiwa nje nusu saa. Akaiandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Saa tatu na hamsini na saba ikamkubali. Mtandao wa milimani ukasuasua. Akaufuta mstari wa ratiba, akahifadhi, akaisoma ratiba upya: tupu. Akaisoma tena.

Saa nne kamili. Kipimo cha lango: sifuri. Dakika moja baadaye: sifuri.

Saa nne na robo simu ikalia, Radostina akapokea.

"Mmenipigia mara kumi na moja! Nani kafa?"

"Hakuna, mzee. Saa nne ulikuwa wapi?"

"Chini ya lango, mwanangu, ningekuwa wapi? Nimepanda kula banitsa yangu ya jibini kabla haijapoa."

"Usirudi mtoni leo. Ratiba niliikosea mimi. Lango lingefunguka nawe uko chini."

Redio ya mzee ilisikika ikisoma hali ya hewa.

"Na kesho?"

"Lingefunguka kesho pia. Hadi Jumapili, kisha kila Jumatatu. Nimeshaifuta."

"Haya. Kuanzia sasa sishuki kabla sijakupigia. Na wewe upokee."

"Nitapokea, mzee."