Dagane na Baiskeli Isiyokwenda Popote

"Baiskeli ya kuniangusha mimi bado haijaundwa," Dagane alitangaza mlangoni, kwa sauti ileile anayouzia mbuzi sokoni. "Nikiwa kijana nilitoka Rhamu kwa baiskeli mpaka mpakani na gunia la sukari kichwani, mikono nimeikunja hivi!"

Wanaume sita waliokuwa wakifunga viatu waliitikia kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mtu anayesimulia ndoto yake.

Sukari yenyewe ilikuwa imeshahama kichwani ikaingia damuni. Mwezi uliopita daktari alimwonyesha kidole gumba cha mguu wake wa kushoto, kilichoanza kuwa na rangi ya tende, akamwambia bila kupepesa macho: ukitembea sana kidonda kitafunguka, na ukiendelea kukaa tu kwenye kiti sokoni, nitakikata kidole. Akaandika kwenye karatasi: baiskeli ya ndani, mara tatu kwa wiki. Na mjini Garissa, Dagane aliulizia kila mahali, baiskeli hizo alikuwa nazo Awil peke yake, kijana mwembamba aliyekodi ukumbi juu ya duka la mabati. Baiskeli kumi zimefungwa sakafuni kwa bolti. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: ANAYEANZISHA VITA HAPA HARUDI TENA.

"Adeer, ami yangu, umekuja na macawis?" Awil aliuliza, akiangalia ile shuka iliyofungwa kiunoni. "Suruali hakuna?"

"Suruali ni ya watu wa ofisi. Ngamia nimepanda na hii, mke nimeoa na hii."

"Sawa, basi ikunje juu ya magoti. Na usikie, adeer: gurudumu hili halipumziki. Ukiacha kukanyaga, linaendelea kuzunguka pamoja na miguu yako. Ukitaka kusimama, bonyeza hiki kitufe chekundu."

"Kijana, unanifundisha mimi kusimama?"

Kwenye baiskeli ya jirani alikuwa amekaa Alio, dalali mwenzake. Mwaka jana wawili hao walichapana fimbo katikati ya soko, wakigombea mteja mmoja kutoka Eldas ambaye mwishowe alikimbia na mbuzi wake wote. "War, wewe Dagane," Alio akasema, "shika vizuri. Hiyo haijui wewe ni nani."

Muziki ukaanza. Awil akapiga kelele: "Vichwa chini! Macho kwenye magoti! Usimwangalie jirani!" Watu wakainama kama wanaokwepa mawe. Dagane hakuona haja ya kuongeza uzito wa pedali wala kupasha mwili moto. Alikanyaga kama anayefukuzwa na fisi. Dakika ya kwanza alitabasamu. Ya pili alifumba macho. Ya tatu mapafu yake yakakataa kazi, akaamua kusimama, na akasimama vile anavyosimamisha baiskeli yoyote ile: aliacha tu kukanyaga.

Gurudumu halikuacha. Pedali ilimrusha goti mpaka kidevuni, meno yakagongana, na macawis ikateremka na kuingia kati ya chuma na chuma. Ikavutwa. Kifua kikapiga usukani, puu! Kisha mdomo. Alipojaribu kuruka, mguu mmoja ulikuwa bado umefungwa kwa mkanda wa pedali, basi akaangukia ubavu, na mashine ikaendelea kumburura mguu ule ikimgonga muundi, mara tatu, nne, kabla haijachoka. Aliinuka bila jino la mbele na bila macawis, ndani ya bukta ya kijani ya mwanawe.

Alio ndiye aliyecheka.

Kicheko hakikufika mwisho. Dagane alimpiga kichwa puani, na damu ikaruka mpaka kwenye feni. Alio akateremka na chupa ya maji ya chuma mkononi, akamshindilia nayo begani, halafu sikioni. Dagane akamkaba koo. Wakaanguka pamoja juu ya baiskeli, wakabingirika, Alio akang'oa konzi nzima ya ndevu, Dagane akauma mkono uliozishika mpaka akasikia mfupa. Awil alipoingia kati kuamua, alipata kiwiko cha jicho akakaa chini kama mgeni aliyekaribishwa. Ilibidi watu wanne wavute, wawili kila upande, huku Alio akitema damu na Dagane akirusha teke kwa ule mguu wenye kidole kibovu, teke lililomuumiza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

"Nani ameanza?" Awil akauliza, jicho moja limefumba.

Dagane akatazama maandishi mekundu. Akatazama kidole chake.

"Huyu!" akasema. "Wallahi huyu alivuta macawis yangu! Kwa mkono wa kulia, mara mbili! Kunivua nguo mbele ya wanaume! Wewe ungefanya nini?"

Ukumbi ukanung'unika. Kumvua mtu mzima ni kumtukana yeye na baba yake, na ngumi baada ya hapo hata mzee wa mtaa angeielewa. Hakuna aliyeona chochote. Vichwa vyote vilikuwa chini, kama walivyoamriwa.

"Mimi?" Alio akashangaa, pua ikibubujika. "Mimi nilikuwa..."

"Chukua viatu vyako, adeer Alio," Awil akasema.

Alio akainama kuvitafuta. Dagane akavuta pumzi ya kwanza nzuri tangu afike.

"Dagane."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma ya pazia linalogawa ukumbi. Wanawake wa darasa linalofuata walikuwa wameshafika. Na sauti hiyo Dagane aliijua vizuri. Fatumo, mama wa mke wake. Kwa heshima ya ukwe, kwa miaka ishirini hakuwahi hata kutafuna chakula mbele yake.

"Mikono ya Alio haikutoka kwenye usukani wake," Fatumo akasema bila kujitokeza. "Nguo yako imeliwa na pedali. Na aliyepiga kwanza ni wewe, kwa kichwa."

"Eeddo, mama, labda... pazia ni zito, labda hukuona vizuri..."

"Lina tundu. Nimeona mengi kuliko nilivyotaka. Jifunike."

Dagane akashika macawis na kuivuta. Haikutoka kwenye pedali. Alipogeuka kuomba msaada, Awil alikuwa amesimama mlangoni, amemshikia viatu alivyovua alipofika.