Programu ya Futari

Msinipe pole. Niliyoyafanya niliyafanya kwa mkono wangu, na mie Mudathir wa Temeke kichwa changu nakijua kilivyo kigumu.

Mwaka tisini na tatu nilisoma kompyuta Kinondoni, wanafunzi wawili mashine moja. Mwenzangu alikuwa Shelina Remtulla, binti wa Kihindi, Shia Ithnaasheri, akicheka anacheka mpaka anafuta machozi. Nilimpenda. Sikumwambia hata siku moja, kazi yangu ilikuwa kumtania tu.

Ramadhani ilipokaribia tukatunga programu ya futari kwa Paskali, lugha ya kuandikia programu. Tulianza na fankisheni ya magharibi: unaipa tarehe, inakurudishia saa ya jua kuzama Dar. Ukishaiandika mara moja na kuipa jina, popote unapoihitaji unataja jina lake tu, inafanya kazi. Fankisheni yangu ya futari iliitaja hiyo ikaishia hapo. Ya Shelina iliitaja hiyo hiyo, ikaongeza dakika kumi na tano, maana kwao hawafungui mpaka wekundu uondoke mashariki.

"Nyie mna haraka na uji," alinicheka.

"Na nyie mnazitesa tende bure!"

Siku ya mwisho ya kozi akanipa disketi. Nilishasikia kwamba Jumamosi wanampeleka Toronto, kuna mchumba.

"Nimeimalizia fankisheni yangu," akasema. "Usiiendeshe tu, Mudathir. Isome."

Nikamwambia sawa, sawa, nikijifanya sina habari, na moyo unaniuma.

Sasa, mashine haielewi Paskali. Kuna kompaila, mkalimani anayeyageuza maandishi yetu kuwa lugha yake, na kikishapatikana kilichogeuzwa kinakwenda chenyewe, bila kuhitaji maandishi. Nikageuza, nikajaribu, saa zikatoka sawasawa. Maandishi ya nini tena? Nikayafuta kwenye disketi nipate nafasi ya gemu la ndege. Gemu, jamani!

Mwaka tisini na tano niliingia kununua karatasi dukani kwa shangazi yake, Bi Rubabbai, pale Mwananyamala. Aliwahi kumfuata Shelina darasani, kwa hiyo tulijuana.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Wewe kijana, mbona hukuja?"

"Kuja wapi?"

"Alikuandikia! Humo humo kwenye kazi yenu, ndani ya mabano."

Kwenye Paskali, maneno ya ndani ya mabano yale ni ya watu kusomana. Kompaila inayaruka, hayafiki upande wa pili.

"Aliniambia, Mudathir akija kabla ya Jumamosi namwambia baba sitaki. Ijumaa nzima alikaa kizingitini, begi hataki kufunga. Nikamfungia mimi."

"Aliandika nini, mama?"

"Hakunisomea. Alisema ni yako."

Akanifungia karatasi zangu, akanitazama, ndipo akasema marahaba. Shelina ana watoto wawili sasa. Namtamani mpaka leo, na alichoniambia sikijui.