Waya wa Tatu

Sista Tumpe alileta gari lake karakanani kwetu Mbinga siku ya Jumanne asubuhi, na kabla hajazima injini alikuwa ameshaniambia kwamba nusura afe. Alikuwa anashuka milima kurudi kazini kwake Lundo, ziwa limeshaanza kuonekana kule chini, mara mshale wa spidi ukaanguka kwenye sifuri huku gari linakimbia. Taa ya injini ikawaka, gia ikagoma kubadilika.

"Gari ndilo lililoniendesha, fundi," alisema. "Mimi nilishika usukani tu."

Kisha akafungua mlango wa nyuma akanipa samaki watatu wakavu aina ya mbasa, zawadi ya ziwani, kwa sababu mwezi wa nne mimi ndiye niliyemsaidia kupata gari hilo.

Kusaidia ni neno la adabu. Nilimwambia alinunue, basi. Tumpe ni nesi, Mnyakyusa wa Tukuyu, alipangiwa kazi huku mwaka juzi na hana ndugu wa kumuuliza lolote. Alipolitaka gari la kaka yangu Sixbert alikuja kwangu akaniuliza, mwanamke kwa mwanamke, kama ni zima, na kama kilometa elfu themanini na nane zilizosomeka kwenye dashibodi ni za kweli. Nilimjibu kwamba nimelikagua mwenyewe, na likionekana na kasoro iliyofichwa, basi mimi Emerensiana siyo fundi. Sijui kusema nusunusu, ndiyo maana nina maadui wengi na wateja wengi.

Huyo Sixbert ndiye aliyenifundisha kazi. Baba alipofariki kule Matiri, ndugu walishauri nirudi kwenye kahawa na mahindi, yeye akanichukua mjini na kunikabidhi mita ya kupimia umeme, wakati mafundi wenzake wanacheka msichana mwenye bisibisi. Alikuwa na sheria moja tu: usibadilishe kifaa kabla hujaufuata waya wake kwa vidole, mwanzo hadi mwisho. Siku moja aliniamuru nifungue upya dashibodi nzima ya lori kwa sababu niliruka kipande cha waya cha urefu wa kiganja. Nilimchukia siku hiyo, kisha nikamshukuru miaka kumi na minne.

Basi Tumpe alipovuka barabara kwenda kunywa chai, nililipiga jeki gari lake na kuanza kwenye gia boksi, ambako sensa ya spidi imefungwa. Sensa ile ina nyaya tatu. Wa kwanza unaleta umeme, na umeme ulikuwepo. Wa pili ni hasi, na ilikuwepo. Wa tatu ndio unaopeleka habari ya mwendo kwenye dashibodi na kwenye kompyuta ya gari. Nilichomeka mita kwenye waya huo, nikazungusha tairi la mbele kwa mkono, na namba zikapanda na kushuka vizuri. Sensa ilikuwa hai. Nikahamia nyuma ya dashibodi, nikaupima waya uleule wa tatu upande wake wa pili na kuzungusha tena. Kimya. Habari ilikuwa inaondoka kwenye sensa na haifiki, kwa hiyo waya ulikuwa na tatizo mahali fulani katikati. Kazi ya nusu saa, nikajisemea, na nikaenda stoo kuchukua tochi.

Niliporudi nilimkuta Sixbert ameinama kwenye injini na mita yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimekumalizia. Sensa imekufa, tuagize nyingine Songea."

Nilidhani anatania. "Imekufa?"

"Haitoi kitu. Nimezungusha tairi, nimepima."

"Na waya umeufuata?"

"Mwanzo hadi mwisho," alisema, akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Mtu aliyenifungulisha lori kwa kipande cha kiganja alikuwa amesimama mbele yangu akinidanganya kuhusu waya, na tena kwa maneno yake mwenyewe. Alipotoka nje kupiga simu Songea, nililala chali chini ya usukani na kuanza kuufuata ule waya kwa vidole.

Juu ya pedali, nyuma ya plastiki, vidole vikagota kwenye uvimbe. Ulikuwa umefungwa kwa tepu ya kitambaa, na juu ya tepu umekazwa kwa uzi wa nyavu. Hapa Mbinga fundi anayefunga maungio yake kwa uzi wa nyavu ni mmoja. Huununua Mbamba Bay, akisema joto la injini halitaufungua. Nilikata uzi, nikaondoa tepu. Waya wa tatu ulikuwa umekatwa na ncha zake mbili zimeunganishwa kwenye swichi ndogo ya pikipiki, ambayo sasa ndani yake ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa unyevu wa ziwani.

Sikuhitaji kuelezwa. Kabla haijafunikwa na tepu, ukiizima swichi ile gari lilitembea na dashibodi haikuhesabu. Miaka mitatu kaka alikwenda nalo Songea, akalishusha hadi Chiwanda, akirudi injini inaunguruma kama trekta kwa sababu gia nayo haipati habari, na mimi nikiuliza ananiambia ndivyo lilivyo. Elfu themanini na nane. Mungu peke yake anajua ni ngapi.

Niliumia. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwa na swichi mkononi, na nilitamani sana iwe kazi ya mtu mwingine, hata mwizi.

Sixbert aliporudi nilifungua kiganja. Aliangalia barabarani kwanza, akamwona Tumpe bado anakunywa chai kwa mama lishe ng'ambo ya pili, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Itupe. Unganisha waya, gari litapona, mwambie ulilegea. Utakuwa umemtengenezea au hujamtengenezea?"

"Mwezi wa nne ulijua atakuja kuniuliza mimi?"

"Mimi ndiye niliyemwelekeza kwako."

"Na kama ningeufuata waya?"

Alinijibu taratibu, kwa sauti ileile anayofundishia. "Usingeufuata, mdogo wangu. Gari la kaka yako, ungefuata nini?"

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga na spana. Mwezi wa nne nilifungua boneti, nikaangalia oili, nikawasha, nikasikiliza, nikafunga. Dakika kumi. Wateja wengine nawapimia hadi taa ya mlangoni, na kwa gari lake sikushika hata mita. Alijua ninavyomwamini kuliko nilivyojua mwenyewe, akachukua imani hiyo akamuuzia nayo mgeni.

"Ukimwambia ya swichi," aliendelea, "atakuuliza wewe ulikagua nini."

Tumpe alikuwa anavuka barabara. Aliingia akijifuta midomo kwa leso na kuuliza kama ugonjwa umeonekana. Sixbert aliwahi kusema kabla sijafungua mdomo.

"Waya tu, sista. Ulilegea."

Tumpe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akisubiri nithibitishe, kwa sababu tangu mwanzo neno aliloliamini lilikuwa langu. Nilimwekea swichi mkononi.

"Hii ilikuwa ndani ya gari lako," nilisema. "Kaka yangu aliiweka ili kilometa zisihesabike. Na mimi sikulikagua. Nilikuambia nimelikagua kwa sababu lilikuwa lake."

Sixbert alitoka nje. Tumpe aliigeuzageuza swichi, akaiwasha, akaizima. Nilisubiri anitukane, na ningemshukuru.

"Lilikuwa linaniua," alisema.

"Ndiyo."

"Teremsha jeki."

Niliteremsha. Nilimwomba aniachie niunganishe ule waya bure, ni dakika tano tu, asipande nalo barabarani namna ile. Alitikisa kichwa. Aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna fundi mwingine wa umeme hapa mjini. Nikamtajia Placidi, nyuma ya soko, karibu kiasi cha gari kufika kwa mwendo wa polepole, na nikamwambia ni fundi mzuri na mkweli.

Alikuwa ameshaingia kwenye gari. Aliteremsha kioo kidogo.

"Na huyo," aliniuliza, "naye ni ndugu yenu?"