Mteremko Usio na Ajali

Hapa Dessie, mji wetu wa Ethiopia, mtu akigongwa na gari hatuiti polisi. Tunaita wazee.

Dereva anashuka, anamwinua aliyeanguka, anamkimbiza hospitali, na pale mlangoni kila mtu anajua la kusema: kaangushwa na punda. Ukitaja gari, polisi watakuja. Polisi wakija, dereva anafungwa, na dereva akifungwa nani atalisha watoto wake, na nani atanunua dawa za huyu aliyelala? Basi ni punda. Halafu siku ya suluhu dereva anakuja ameinama, jiwe limemkalia shingoni, anajitupa miguuni pa jamaa wa aliyegongwa. Wazee wanalishusha lile jiwe, watu wanaapa, wanakula sinia moja. Yamekwisha. Anayeyafukua tena si mtu.

Lubaba, binti mkubwa wa Toyba, naye aliangushwa na punda. Ilikuwa asubuhi, akienda shule, pale kwenye kona ya kinu cha unga mteremko unapomalizikia. Aliyemgonga ni Yimam, jirani yao, ukuta kwa ukuta, anayeshusha kokoto kwa lori kutoka machimbo ya juu. Mtoto alilala kitandani wiki baada ya wiki, akafia nyumbani. Toyba alikuwa amekwisha kula sinia moja na Yimam, kwa hiyo hakumshtaki. Yimam akawa anamletea kuni, anamletea unga, anamwita mama. Kwa kweli alimwita hivyo kwa moyo.

Kisha Merima, mdogo wake Lubaba, akafika umri wa shule. Shule ni ileile, ng'ambo ya barabara ileile.

"Gashe Arega," Toyba aliniambia. Gashe ni kaka mkubwa, na kwenye mteremko wetu mimi ni gashe wa kila mtu, kwa sababu ya mvi na kwa sababu ya mdomo. "Wewe hujui kunyamaza. Nipeleke kwa hao watu wa barabara. Nataka tuta. Sitaki rambirambi yao, sitaki kingine. Tuta."

Tukaenda manispaa. Mkuu wa barabara, Bwana Tefera, alitukaribisha vizuri, akafungua kompyuta yake.

"Mteremko wa Kinu… Mteremko wa Kinu…" Macho yake yalishuka kwenye kioo hadi chini. "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Ajali. Polisi wa barabarani hawana hata moja. Mzee wangu, mnakaa kwenye barabara salama kuliko zote mjini!"

"Binti wa huyu mama amekufa pale," nikasema.

"Hospitali waliandika nini?"

Toyba alitazama sakafu. "Punda," akasema.

Yule bwana akawageukia wenzake. "Jamani, mtaa huu hauhitaji tuta. Unahitaji mtu wa kufunga punda!" Ofisi nzima ikacheka, hadi mfagiaji.

Na alijua. Hilo ndilo lililonichoma. Tefera amezaliwa mji huu, mama yake ameketi kwenye masinia mengi ya suluhu kuliko mimi. Alijua punda ni nini. Mimi nilikuwapo wanajeshi walipotutoa majumbani kwa mitutu ya bunduki twende kubeba mawe ya barabara ile. Nilikuwapo walipokuja waliowapindua wanajeshi, wakamwaga lami, wakakata utepe, tukaambiwa tupige makofi. Nilikuwapo walipokuja waliofuata wakapaka ukingo rangi nyeupe. Kila serikali imefika kwenye mteremko ule na ngoma, na hakuna iliyofika na tuta. Leo wanatuambia hatujafa vya kutosha, na hata hao waliokufa hawakufa kwa utaratibu.

"Nileteeni mmoja," Tefera akasema tulipokuwa tunaondoka, sasa kwa sauti ya upole. "Mmoja tu aliyeandikishwa polisi, na jina la dereva. Mteremko utaingia kwenye mpango wa mwaka huu. Mimi si mtu mbaya, mama."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Seid, fundi cherehani, anatembea kwa kuburuta mguu, nikamwambia twende.

"Mguu wangu uligongwa na punda, Gashe," akasema, sindano mdomoni. "Na punda mwenyewe kaoa dada yangu. Unataka nilale wapi?"

"Na watoto wako wanavuka wapi?"

"Wanavuka kwa Mungu. Niache."

Wote waliniambia niwaache. Ndipo Toyba akasema atamtaja Yimam. Ila hakutaka kumwendea kwa nyuma. Tukabisha hodi kwake mchana, mkewe Zemzem akikaanga kahawa, na Toyba akasema yote kabla hajakaribishwa kukaa.

Yimam alidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wangu. "Ni wewe, Gashe. Umemtia maneno."

"Maneno ni yangu," Toyba akasema.

"Mama, nilibeba jiwe mbele yako. Uliniambia nyanyuka, mwanangu. Kwa mdomo wako."

"Nilisema. Na siyafuti. Nilikusamehe jana, na leo nimekusamehe."

"Sasa?"

"Sasa malori mengine hayajaapa, Yimam. Yanashuka kila siku, na Merima anavuka."

"Mteremko ule hata malaika angeushuka na kokoto, angegonga! Breki zilikuwa nzima. Nilikanyaga mpaka goti likalia. Unajua!"

"Najua. Nenda ukawaambie hivyo."

"Wataniuliza breki, au wataniuliza kwa nini nilificha?"

Zemzem aliondoa kikaango cha kahawa motoni, akaimwaga mlangoni, mbele ya miguu yetu, ingali inatoa moshi. "Mmekula kwetu," akasema. "Tokeni."

Toyba akaenda polisi akaandikisha, nao walimchukua Yimam na hawakumrudisha. Hakukana. Alipoeleza habari ya mteremko, ofisa alimwambia ajibu alichoulizwa. Hukumu yake ilikuwa kifungo, kwa kuua na kwa kuficha.

Wazee walikutana bila kumwita Toyba. Haji Endris, aliyelishusha lile jiwe kwa mikono yake, ndiye aliyetumwa kumpa habari. Alisimama nje ya ua.

"Chama cha maziko kimekutoa, Toyba. Ulikula kiapo, kisha ukakiuza. Ukifa, tafuta wa kukubeba."

"Na Merima?"

"Mtoto hana kosa."

"Hilo ndilo nililokuwa nawaambia, Haji."

Yule mzee akaondoka. Toka siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Kwetu salamu ni ndefu, unaulizwa mpaka habari za kuku, na ukinyimwa unasikia masikioni kama uziwi.

Tukarudi manispaa. Nilijua jina la Mteremko wa Kinu sasa limo kwenye kompyuta yao. Lilikuwamo kweli. Tefera alisoma kwa sauti:

"Chanzo cha ajali: uzembe wa dereva." Akatugeukia. "Na dereva yuko ndani. Kwa hiyo tatizo limekwisha ondolewa barabarani."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Walinzi wakanishika makwapa. Toyba hakupaza sauti. Aliuliza tu:

"Kwa hiyo barabara haina kosa?"

"Haina, mama. Ingekuwa na kosa, dereva angeachiwa. Unaona? Haviwezi kuwa vyote viwili."

Mtu amezama jela na mama ametengwa na walio hai na wafu, na ofisi imepata karatasi ya kusema barabara ni safi! Nimeishi chini ya tawala ngapi, sijaona wizi kama huo.

Asubuhi ya pili nilishuka mteremko nikasikia honi za malori, ndefu, za hasira. Toyba alikuwa katikati ya barabara, pale kwenye kona, shuka yake nyeupe ameitanua kwa mikono miwili. Lori la kokoto lilikuwa limesimama kipimo cha mkono kutoka kifuani pake, dereva ametoa kichwa nje, anamtukana mama yake na bibi yake. Merima alikuwa amekwisha vuka. Mama yake hakuondoka.

Watoto wa Seid wakavuka. Wakavuka wajukuu wa Haji Endris, mmoja akimkokota mwenzake kwa mkoba. Wote wakipita chini ya ile shuka, wakitazama mbele, kama wanaopita chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Amesimama hivyo kila siku ya shule tangu hapo, asubuhi na wanapotoka. Lori moja limekwisha mgusa nyonga. Aliinuka mwenyewe, hakuna aliyemsogelea mpaka mimi nilipofika, na mimi miguu yangu si ya kukimbia tena. Nimemwambia siku moja breki zitakataa. Akasema anajua.

Watoto wa Yimam huja mwisho. Husimama ukingoni wakisita, kwa kuwa anayewashikia barabara ni yuleyule aliyemtaja baba yao. Na Zemzem, juu mlangoni kwake, huweka mikono mdomoni akawapigia kelele ili mteremko mzima usikie:

"Vukeni! Vukeni, na msimsalimie!"