Maharage Yaliyohamia Ghorofani

Maharage yangu ya kutambaa msimu ule yalipanda kwa kasi hadi nikawa nayasikia yakihema. Paka wa mtaani alijilaza juu ya jani moja mlangoni kwangu, akaamka yuko ghorofani, hajui ashukie wapi. Anayebisha akamwulize paka.

Kamba nilikuwa nimeifunga kwenye nondo za kibaraza cha juu, kwa Mama Mikasi, fundi cherehani. Hakulalamika; maua mekundu yalimpendezeshea kibaraza, na majani yakampa kivuli. Maganda ya chini tuliyala yangali mabichi. Nikajipa moyo kwamba yale ya juu ndiyo ya mbegu, yaachwe yakaukie palepale mpaka yalie kama kayamba ukiyatikisa. Mbegu ile haiuzwi dukani. Ikikatika, basi tena.

Nilipopanda ngazi kwenda kuyachuma, nikakuta kamba na majani makavu tu.

"Mama Mikasi! Maharage yangu yako wapi?"

"Hata salamu hakuna, shemeji? Si hayo hapo."

Akaninyooshea kidole mezani. Vifuko vidogo vya kitambaa, vimeshonwa vizuri, vimekaa juu ya karatasi ya kukatia gauni, vimeigandamiza isisogee mkasi unapopita.

"Zamani nilitumia pasi mbovu," akasema. "Hivi ni vizito, halafu havichafui nguo."

"Yamo humo yote?"

"Yote."

Nikajikaza. "Shemeji, umejiweka hatarini. Maharage haya yakipata joto la pasi yanachipua. Utaamka ukute suti ya mteja imetoa majani."

"Nitamwongezea bei."

"Mizizi nayo je?"

"Mzee Chumvi, hebu jaribu kusema kweli. Huwezi kufa."

Nikakohoa. Nikatazama cherehani. "Sina mbegu hata moja. Tulizila."

"Mlizila?"

"Nilizila. Mama watoto alisema tubakize, nikamwambia huku juu kwako ziko tele."

Alicheka hadi akaondoa pini mdomoni asije akazimeza. "Haya. Na mimi kitambaa nikigandamize kwa huo ukweli wako?"

Nikashuka mbio. Chini ya kitanda nina kopo la nati, masalia ya miaka yangu ya kutengeneza lifti. Nikampelekea. Akainusa moja, akanirudishia kopo zima.

"Zinanuka grisi. Kaoshe."

Nikaosha. Akanusa tena. "Bado." Nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikazifuta moja moja kwa fulana yangu mwenyewe. Safari hii akakubali. Akafumua mshono wa kila kifuko, akamimina maharage kwenye kofia yangu: ya zambarau, yenye madoa meusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nati zikaingia mahali pake, sindano ikafuata.

Kifuko cha mwisho hakukifumua. Akakitia kwenye droo ya cherehani, akaifunga.

"Na hicho?"

"Hiki kinakaa kwangu."

"Lakini shemeji, tumekubaliana!"

"Tumekubaliana upate mbegu, na umezipata. Hizi ni za siku utakayokuja kunieleza kwamba zako zimeliwa na panya."

"Kwangu hakuna panya."

"Yupo," akasema, akiiendesha cherehani. "Nilimshonea suruali mwaka jana. Kiuno nilikiongeza mara mbili."