Wali wa Mizizi

Katika miaka sabini na sita ya uhai wake Sang-geun hakuwahi kupika wali, wala hakuona aibu kwa hilo. Aliwahi kuchinja nguruwe, kuezeka paa na kulala zizini wiki nzima akimuuguza ng'ombe. Wali ulikuwa kazi ya mkewe, Bok-rye. Sasa Bok-rye alikuwa amelala kilimani chini ya nyasi tangu mwezi wa kwanza, na mzee amesimama jikoni na kikombe cha mchele mkononi, kanuna kama mtu aliyesukumwa uwanjani kucheza ngoma asiyoijua.

Wali wenyewe haukuwa wa kula. Ulikuwa wa kupeleka kwenye mianzi.

Kila majira ya kuchipua Bok-rye alikuwa akijaza wali kwenye sanduku dogo la mbao, anafunika kwa karatasi, halafu analifukia chini ya majani yanayooza kwenye kichaka cha mianzi nyuma ya nyumba. Baada ya siku tano wali unakuwa umeota kuvu nyeupe, laini kama pamba. Anauchanganya na sukari guru, anauweka mtungini, na siku ya kupanda pilipili anauzimua kwa maji na kumimina kwenye shina la kila mche. Alisema humo mna kuvu na bakteria wa msituni, wanahamia kwenye mizizi, wanaufukuza uozo na kuuletea mmea chakula ambacho mizizi peke yake haikifikii. Alijifunza mambo hayo kwenye semina ya wakulima ya siku mbili, akarudi anang'aa.

"Sisi utotoni tumekula magome ya misonobari kwa njaa," Sang-geun alimwambia siku hiyo, "leo wewe unawalisha uyoga wali mweupe."

"Ardhi nayo ina tumbo," Bok-rye alijibu, akaendelea na kazi yake.

Miaka minane ikapita. Kila mvua za mwezi wa saba zilipokuja, pilipili za bonde zima zilinyauka zikiwa zimesimama, mizizi imeoza, na za Bok-rye zilibaki kijani. Sang-geun akaacha kudhihaki. Kusifu hakusifu. Kumsifu mke, kwake, lilikuwa jambo la kufanya kesho.

Dawa ya mwaka uliopita, iliyobaki mtungini, haikuwepo tena. Baada ya maziko binti yao, Mi-gyeong, alisafisha nyumba nzima huku akilia, akakuta mtungi unanuka, akausugua kwa majivu mpaka ukatakata. Baba mtu aliukuta umefudikizwa juani. Akamshukuru binti yake, na hata leo hajamwambia alichomwaga.

Kisha Mi-gyeong akarudi Seoul, na kila Jumapili akawa anapiga simu.

"Baba, shamba likodishe, uje ukae kwetu. Chumba kipo."

"Pilipili za mama yako zitapandwa."

"Na zikioza kama za wenzako?"

"Zikioza nitakuja."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Ndivyo alivyojifunga kwa mdomo wake. Lakini si chumba cha Seoul kilichomnyima raha. Alichoogopa ni kwamba kitu alichokiacha Bok-rye kikiwa hai kitafia mikononi mwake, tena mwaka wa kwanza tu.

Basi akaosha mchele, akaumimina kwenye sufuria la jiko la umeme, akatia maji mpaka kwenye mstari mwekundu. Mstari huo Bok-rye aliuchora kwa rangi ya kucha ndani ya sufuria, na Sang-geun aliuamini kuliko alivyoyaamini macho yake. Wali ukaiva, akaujaza kwenye sanduku, akafukia. Siku ya tano akafunua karatasi akakuta kitu cheusi chenye mabaka ya waridi, kinanuka kama soksi za askari. Akadhani amekosea mahali. Akapika tena kwa mstari uleule, akafukia chini ya mianzi mingine. Mara hii kilikuwa cheusi zaidi.

Alikuwa amechuchumaa juu ya sanduku hilo la pili, jirani yake Mama Jong-uk alipopita na beseni la vitunguu. Mjane huyo ulimi wake ulikuwa mkali, na mlango wake haukufungwa kamwe.

"Baba Mi-gyeong, unazika nini huko, mahari?"

"Pita zako."

Hakupita. Aliinama, akanusa, akakunja uso. "Hiki hata kunguru hali. Umetia maji kiasi gani?"

"Mpaka kwenye mstari wake."

"Ule mwekundu?" Mama Jong-uk akaweka beseni chini. "Mstari ule ni wa meno yako, baba'ngu, si wa kuvu. Kuvu nyeupe inataka wali mkavu, unaochambuka punje kwa punje. Ukiipelekea bokoboko, wanaokuja ni waozeshaji. Wali wa sanduku mkeo alikuwa akiupikia kwangu, kwenye sufuria la chuma."

"Nyumbani kwetu wali ni mmoja."

"Ni mmoja, ndiyo. Ni wako." Akasita kidogo, kama mtu anayepima kama mzigo utabebeka. "Unajua kwamba wali laini alikuwa haupendi?"

Sang-geun akainua kichwa kutoka kwenye sanduku.

"Toka usichana wake. Alisema ni kama kutafuna godoro lililolowa. Meno yako yalipong'oka akaanza kukupikia laini, naye akala huohuo. Masufuria mawili kwa watu wawili aliona ni israfu. Miaka kumi na miwili, Baba Mi-gyeong. Mara moja tu kwa mwaka, siku ya sanduku, anapika wali anaoutaka yeye. Unaobaki tunakula wawili jikoni kwangu na kabichi ya kimchi iliyochacha. Anatafuna kafumba macho."

"Hakuniambia."

"Angekwambia ungesemaje?"

Sang-geun alifikiri, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na sanduku lililooza hakuona faida ya kudanganya. "Ningemwambia aache mbwembwe."

"Basi."

Usiache kumhurumia mzee huyu, japo alijitakia. Alikaa palepale kwenye majani mpaka suruali ikalowa. Milo elfu ngapi walikaa meza moja, akimwona anaweka vijiti vya kulia chini mapema, na yeye anafikiri mkewe ni mtu asiye na hamu ya chakula! Swali lenyewe lilikuwa dogo, la maneno matatu: unapenda wali gani? Hakuliuliza, na sasa liliuma kama mwiba uliovunjikia ndani.

Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwa Mama Jong-uk na mchele kwenye mfuko.

"Mimi sipiki," mama yule akasema, akaweka mikono nyuma. "Utapika wewe. Nitakuelekeza. Punguza maji. Punguza tena. Huogeshi ng'ombe."

Akapika. Ukiwa bado na moto alitaka kuushindilia, akapigwa kofi mkononi: uache upoe, usiubane, ujaze theluthi mbili tu, wanaokuja nao wanataka pumzi. Akafunga karatasi kwa uzi, akaweka wavu wa panya juu yake, akafunika kwa majani. Siku ya nne mvua ikatishia kunyesha, naye akatoka na turubai akaketi karibu na sanduku kama anayelinda mtoto mchanga. Kwenye baraza miche ilikuwa inaanza kugeuka njano ndani ya vikasha vyake. Bonde zima walikuwa wameshapanda.

Siku ya tano alifunua karatasi pole pole. Ilikuwa nyeupe. Nyeupe tupu, imevimba mpaka kwenye kingo, na harufu yake ilikuwa tamu, ya majani na uyoga. Akashika ukingo wa sanduku na kutikisa kichwa.

Alipanda wiki moja nyuma ya wenzake, kila mche akiumiminia kata yake ya maji ya mtungi. Watu waliopita barabarani walimtania kwamba pilipili zake atavunia kwenye theluji. Hakuwajibu. Pia alianza kupika wali wa namna mbili, bila kumweleza mtu sababu.

Mwezi wa saba ilinyesha siku kumi na moja mfululizo. Jua lilipotoka, mashamba ya bondeni yalikuwa yameinamisha vichwa, majani yakining'inia kama nguo zilizoanikwa. Sang-geun alifika shambani kwake akiwa anatazama chini, anaogopa kuinua macho. Safu moja, ile ya mtaroni ambako maji yalituama, ilikuwa imekufa. Nyingine zote zilikuwa zimesimama, zimezaa.

Akafanya jambo ambalo mkulima mwenye akili hafanyi: alichagua mche mzima wenye pilipili changa, akaung'oa. Haukutoka kwa urahisi. Mizizi ilikuwa mieupe, minene, imejaa vinyweleo, na udongo umeishikilia hata alipoikung'uta.

Mi-gyeong akapiga simu wakati huohuo. Alikuwa ameona habari za mvua.

"Baba, zimeoza?"

"Safu moja."

"Na nyingine?"

"Zipo. Mizizi ni mieupe."

Akamsikia binti yake anavuta kamasi. "Basi mwezi wa kumi na moja nitakuja kuchukua pilipili za kimchi. Utanisagia wewe?"

"Nitakusagia."

Alirudi nyumbani, akachota bakuli la wali mgumu na kimchi iliyochacha, akapanda kilimani akiwa na ule mche mkononi. Akaulaza mbele ya kaburi, mizizi ikielekea kwa Bok-rye, akaweka bakuli kando yake, akainama mara mbili. Halafu akangoja muda ambao mtu angeutumia kula. Desturi ni kwamba marehemu akishapewa chake, aliyekileta anakila palepale, ni mlo wa pamoja.

Sang-geun akachukua vijiti. Alitafuna upande wa kushoto, kwenye meno mawili ambayo bado yalikuwa yake mwenyewe. Punje zilikuwa ngumu, kila moja peke yake, na ilimchukua muda mrefu kujua kwamba wali wa hivyo una utamu unaokuja mwishoni.

"Ungeniambia," alilalamika, kwa mazoea.

Akatafuna kidogo zaidi.

"Hapana," akasema. "Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza."

Kisha akaendelea kula, pole pole, mpaka bakuli likaisha.